Fimbo ya Mkole ya Kangero

Fimbo ya shuleni hukatwa nyumbani.

Ndiyo, ni msemo huo huo mliousikia leo kwenye mkutano wa wazazi, mkatazamana na kucheka. Wewe Tumsifu, usikwepeshe macho, nilikuona. Sikulaumu sana, maana mtu hawezi kuliheshimu neno asilojua limetoka wapi. Basi sogezeni vigoda, na msinirukie kwa maswali kabla sijafika mwisho, niwaeleze neno hili kwao ni wapi. Halikutoka mbali. Lilizaliwa hapa hapa Kighanda, katika uwanja wa shule ile ng'ambo ya bonde, na mimi nilikuwepo likizaliwa.

Siku hizo nilikuwa nimeolewa juzi tu, nimetoka upande wa pili wa mlima, na bado sijapata mtoto. Mgeni huona mengi ambayo wenyeji wameshayazoea. Jambo la kwanza kunishangaza hapa lilikuwa lile la mwezi wa kwanza, siku ya kuwapeleka watoto darasa la kwanza. Kila baba alishika njia na mtoto mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ameshika fimbo. Si fimbo ya kutembelea. Ilikuwa fimbo ya kuchapia, imekatwa kwenye shamba lake mwenyewe, imeambuliwa gome na kunyooshwa. Akifika shuleni humkabidhi mwalimu mkuu vyote viwili, mtoto na fimbo, na kusema: "Mwalimu, nyama yako, mifupa yangu," yaani mchape utakavyo, mradi usimvunje.

Wala msidhani watu wale walikuwa wakatili. Desturi yenyewe ilianza kwa nia njema. Shule ilipojengwa mara ya kwanza, wazee walisikia kwamba vijiji vingine vinawaficha watoto, wakataka mwalimu ajue kwamba Kighanda inaitaka elimu kwa dhati. Fimbo ilikuwa ndilo neno lao la ahadi. Baba aliyeleta fimbo nzuri alihesabiwa kuwa anampenda mwanawe, na aliyeleta kijiti cha kuokota njiani alisemwa kisimani mpaka mkewe akaona haya kuchota maji. Ubaya ni kwamba mzazi akishaikabidhi fimbo alirudi zake shambani, na shuleni haonekani tena mpaka mtoto amalize darasa la saba. Mlango wa shule ulikuwa mpaka. Yaliyokuwa ndani yake yalikuwa ya mwalimu, na ya mwalimu hayakuulizwa.

Jirani yetu Kangero alikuwa mchonga mipini. Shamba lake na letu yalitenganishwa na mfereji wa maji tu, kwa hiyo ya kwake niliyaona bila kuchungulia. Ukiona jembe la Kighanda halina mpini wa Kangero, ujue mwenye jembe amegombana naye. Mwaka wa kumpeleka mwanawe Herieli darasa la kwanza, alikata fimbo ya mkole, akaipitisha motoni, akaikwangua kwa kipande cha chupa, akaipaka mafuta ya nyonyo mpaka ikateleza. Herieli alikaa mbele yake akimshikia ncha ya pili isicheze. Niliwatazama baba na mwana wakifanya kazi ile pamoja, na sikuona ila mapenzi.

Fimbo ile ilisifiwa. Mwalimu mkuu, Mwalimu Masalu, mtu wa Shinyanga, aliipinda hivi, ikajirudia ikanyooka, akacheka na kusema, "Hii haitavunjika, Mzee Kangero." Na kweli haikuvunjika. Zile za mpera na za mbuni zilikatika moja baada ya nyingine, hii ya mkole ikabaki ikipita mkono kwa mkono.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyoharibika, maana hayakuharibika kwa siku moja. Walimu walikuwa wachache na madarasa yamefurika. Mwalimu Masalu akachoka, akawapa viranja wa darasa la saba fimbo wamsaidie kutunza nidhamu. Viranja wakaanza kwa kuwachapa waliochelewa. Baadaye wakachapa wanaopiga kelele, kisha asiyewaletea muwa au hindi la kuchoma. Kijana aliyechapwa miaka yote akiwa mdogo, sasa fimbo iko mkononi mwake, mlitegemea afanye nini? Wadogo nao wakarithi. Ukipita njia ya shule saa za kurudi ungewakuta wakicheza mchezo wa mwalimu, mmoja amesimama na kijiti, wenzake wamelala chini kwa safu. Wengine hawakuwa wakicheza tena. Watoto walirudi nyumbani wamepasuka midomo.

Na nyumbani waliulizwa swali moja tu: "Ulifanya nini?" Mara nyingi hata jibu halikungojwa, mtoto aliongezewa na za nyumbani. Watoto si wajinga. Waliona kwamba kusema kunazidisha, wakaacha kusema.

Nakijwa, mkewe Kangero, alinong'ona siku moja tukiwa kwenye mfereji. "Mwanangu siku hizi analala kifudifudi," aliniambia. "Nikimuuliza, anasema ndivyo anavyopenda." Nikamwambia amweleze mumewe. Akasema ameshamweleza, naye amejibu kwa ile methali yenu mnayoipenda nyote, kwamba mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mazungumzo yakaishia hapo.

Mnajua maji yetu ya mfereji huenda kwa zamu. Nyumba yenye zamu hutoa mtu wa kuyalinda, asije wa juu akabomoa ukingo na kuyageuzia kwake. Asubuhi ile ya balaa, zamu ya kina Kangero iliangukia alfajiri. Kangero alikuwa na mipini ya kumalizia, akamtuma Herieli, wakati huo yuko darasa la tatu. Mtoto alisimama pale kwenye ukungu mpaka zamu ilipogeukia kwetu, na aliyeyapokea maji kwake ni mimi. Alikuwa anatetemeka, kaptura ya shule imelowa. Nikamwambia, "Kimbia, baba, umechelewa." Akakimbia.

Mlangoni pa shule alikuwepo kiranja wa zamu, kijana aliyeitwa Yusto, na fimbo aliyoshika ni ile ya mkole. Waliochelewa walilazwa kwenye majani kwa safu, kama kawaida. Herieli alifika wa mwisho. Kabla hajalala vizuri, Yusto aliinua fimbo, na Herieli akageuza uso kumtazama. Ncha ikampata jichoni.

Wanaume walimbeba kwa machela mpaka hospitali ya bondeni. Waliporudi, mtoto alikuwa na bandeji upande wa kushoto wa uso, na daktari alikuwa amewaambia kwamba jicho lile halitaona tena. Niliwaona wakivuka mfereji. Kangero alikuwa mbele na hakumsalimu mtu.

Tukadhani hilo ndilo baya lote, kumbe lilikuwepo jingine. Herieli hakutaka tena kwenda shule. Hakulia wala hakubishana. Kila asubuhi alivaa sare, akafika kwenye mfereji, akakaa chini hapo hapo mpaka wenzake watoke shuleni. Nakijwa hakuwa amesoma hata darasa moja, na tangu mtoto yule azaliwe alikuwa akisema huyu ndiye atakayenisomea. Alikuja kwangu akakaa jikoni. "Jicho limekwenda," alisema, "na sasa shule nayo inakwenda. Wamenichukulia mtoto mzima mzima, wameniachia sare." Nami nilikuwa mke mgeni hapa. Nililia naye.

Kangero yeye hakulia. Alizunguka nyumba kwa nyumba, na asubuhi iliyofuata watu wakapanda kwenda shuleni, wengine na mapanga waliyokuwa wakienda nayo shambani. Nakijwa alifuata nyuma amemshika Herieli mkono, kwa sababu Kangero alitaka watu wamwone mtoto. Mimi nami nikafuata.

Tulikuta mlango wa ofisi umefungwa. Mwalimu Masalu alikuwa ndani pamoja na Yusto. Kizingitini alikuwa ameketi Bibi Nanzighe, bibi yake Yusto, aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

"Bibi, tupishe," Kangero alisema.

"Nikupishe upite kwenda kufanya nini, mwanangu?"

"Mjukuu wako amemtoa mwanangu jicho."

"Najua. Nilikuja kwako kuomba radhi ukanifungia mlango, na ningekuwa wewe ningefunga pia. Lakini hapa sitoki."

Mlango ukafunguliwa kwa ndani. Mwalimu Masalu alitoka, na alionekana mtu ambaye hajalala.

"Mnataka nini, wazee wangu?"

"Nataka mkono uliopiga na fimbo iliyopiga," Kangero alisema. "Vyote viwili."

Mwalimu alirudi ndani, akatoka amekumbatia mzigo mzima wa fimbo, akaubwaga kwenye majani mbele yetu. "Fimbo ndizo hizi," alisema. "Mimi ni mtu wa mbali. Hapa Kighanda sina shamba, sina hata mti mmoja. Zitazameni wenyewe."

Watu wakazitazama. Hakuna mtu wa Kighanda asiyeujua mti wa shamba lake. Yuko mama aliyeitambua ya mpera wake kwa fundo lililokuwa katikati, akajifunika mdomo kwa khanga. Mzee mmoja aliinama akaokota ya kwake, kisha akaona aibu, akairudisha taratibu kwenye mzigo. Waliokuwa mbele walianza kurudi nyuma, na waliokuwa nyuma wakauliza kuna nini.

Sauti moja ikasema, "Fimbo haina kosa. Kosa ni la aliyeishika. Mtoeni huyo kijana."

Yusto akatoka mwenyewe. Alikuwa mrefu, miguu na mikono imekua kumshinda. Wakamwambia aonyeshe aliyotumia. Hakutafuta. Aliinama akaivuta ile ya mkole, akampa Kangero kwa mikono miwili, kama mtoto anavyompa mkubwa kitu. Kangero akaipokea huku bado anamtazama kijana. Kisha nikaona kidole gumba chake kikitembea juu ya ule mti, na uso wake ukabadilika kabla hata hajainamisha macho. Mkono wa fundi huijua kazi yake.

Watu nyuma yake hawakuona hilo. "Mchape, Kangero," walisema. "Anza wewe, nasi tufuate."

Yusto aliposikia vile, hakuna aliyemwambia afanye nini. Aligeuka, akalala kwenye majani, akanyoosha mikono mbele. Ndivyo alivyofundishwa katika uwanja ule tangu darasa la kwanza. Kangero akainua fimbo. Sijui kama angempiga. Nimejiuliza miaka yote na sijui.

Herieli akaachia mkono wa mama yake. Akatembea mpaka pale alipolala Yusto, akalala chini kando yake, bandeji ameiegemeza kwenye mkono.

"Herieli," baba yake alisema. "Unafanya nini?"

"Na mimi nilichelewa, baba."

"Inuka."

"Siku ile sikuchapwa fimbo zangu. Niliumia kabla."

Kangero alisimama na fimbo yake juu, kisha ikashuka yenyewe.

"Fimbo hii uliijua?" alimuuliza, na sasa sauti ilikuwa ndogo.

"Niliijua. Niliishika ncha ulipokuwa ukiikwangua."

"Mbona hukuniambia kwamba ndiyo iliyokuumiza?"

Mtoto alifikiri kidogo. "Ungeniuliza nilifanya nini," alisema.

Kangero akakaa chini. Mtu mzima, mbele ya kijiji kizima, alikaa kwenye majani, ile fimbo imelala mapajani. Akasema kwa wote, "Hii niliikata mimi." Mzee mmoja wa ukoo wake alitaka kumfichia aibu, akamwambia, "Usilegee, Kangero. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe."

Hapo ndipo aliposema Nakijwa. Mwanamke hakuwa na desturi ya kusema katikati ya wanaume, na hakupaza sauti, lakini kila mtu alimsikia.

"Mimi sikumchelea," alisema. "Kila aliporudi na alama nilinyamaza. Na tazameni leo anayelia ni nani. Mmepanda mlima kutafuta fimbo ya shule. Shule haina msitu, jamani, na mwalimu hana shamba. Fimbo ya shuleni hukatwa nyumbani."

Akaenda akawainua watoto wote wawili, Herieli kwanza, kisha Yusto. Akamkung'uta Yusto majani kifuani. Bibi Nanzighe pale kizingitini akaanza kulia kwa sauti.

Mzee aliyekuwa ameirudisha fimbo yake akatoka tena mbele, na safari hii akaichukua akaondoka nayo mchana kweupe. Wengine wakafuata. Wapo waliojifanya hawazijui za kwao, na zile zikabaki hapo kwenye majani bila mwenyewe, ingawa kila mtu alijua ni za nani. Waliobaki tulikaa chini na mwalimu. Akasema, "Tangu nije hapa, hajaja mzazi kuniuliza mwanawe anasomaje. Wachache waliokuja, walikuja kuniuliza kwa nini simchapi." Kisha akasema tena, "Lakini aliyewapa viranja fimbo ni mimi. Nilichoka, na kuchoka si sababu." Nilimheshimu tangu siku ile.

Ya Yusto yaliamuliwa hapo hapo. Ukiranja ukaondolewa. Zamu zote za maji za alfajiri ambazo Herieli angetumwa, azilinde yeye kwa niaba ya nyumba ya Kangero, mpaka amalize shule. Alizilinda. Mara nyingi nilimkuta pale kwenye ukungu amejikunyata, na tukapokezana maji kwa salamu tu.

Msidhani Herieli alirudi darasani kesho yake. Kesho yake alikuwa amekaa kwenye mfereji kama kawaida. Kangero akaja akakaa naye.

"Unaogopa nini, mwanangu?"

"Upande huu sioni. Mtu akija upande huu simwoni."

"Basi upande huo nitakaa mimi."

Wakaenda pamoja, baba upande wa kushoto. Kangero alibeba kigoda na tezo yake, akaketi nje ya mlango wa darasa la tatu akichonga mipini mpaka kengele ya mwisho. Siku iliyofuata akaenda tena. Watu walimcheka, wakasema Kangero naye ameanza shule uzeeni. Alikuwa na ulimi mkali, lakini safari hii aliendelea kuchonga tu. Kitu kimoja kikaonekana haraka: pale alipoketi mtu mzima, watoto hawakupigana, na mwalimu hakuinua mkono.

Ila mtu mmoja hawezi kuketi kila siku. Mvua zilipokaribia na majembe yote ya Kighanda yakataka mipini, Nakijwa aliwafuata wazee wa mfereji. Akawaambia, "Maji tunayalinda kwa zamu, kila nyumba hutoa mtu, na hayajatupotea. Watoto tumewaacha bila mlinzi. Kwani maji ni bora?" Wazee wakakuna vichwa. Mwishowe wakakubali zamu ya shule ifuate mpangilio ule ule wa zamu ya maji: nyumba moja itoe mtu wa kusindikiza watoto njiani, nyingine itoe wa kuketi shuleni.

Haikuteleza kama mafuta, niwaambie ukweli. Wapo wanaume walioona fedheha kuketi katikati ya watoto. Wapo waliokuja wakasinzia. Mwanzoni kelele zilizidi, kwa sababu watoto waliozoea kunyamazishwa kwa fimbo walikuwa hawajui njia nyingine ya kunyamaza, na yuko mwalimu aliyeshindwa kufundisha hivyo akaomba uhamisho. Lakini walioketi pale waliona mambo. Waliona kwamba wanaochelewa ni wale tunaowatuma sisi wenyewe kwenye maji na kukata majani ya ng'ombe. Zamu za alfajiri zikaondolewa kwa watoto wote, ila zile za adhabu ya Yusto. Waliona pia kwamba mtoto mgomvi kuliko wote ni yule ambaye nyumbani kwake usiku hapalaliki kwa ugomvi, na wazee wakaenda kugonga hodi kwenye nyumba ile. Vita vya njiani vilipungua hivyo, kidogo kidogo, mpaka mtu akisikia kilio cha mtoto alitoka nje kuuliza kuna nini.

Januari ilipofika, alikuja kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi Same mjini, hakuwepo wakati wa mambo yale. Alimleta binti yake darasa la kwanza, mkono mmoja mtoto, mkono mwingine fimbo safi ya mpera. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Kangero, naye alikuwa ameketi mlangoni. Nakijwa alikuwa hapo na mumewe, nami nilikuwa nimepanda kumletea mbegu, nikasimama nao.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo umeikata wapi?"

"Nyumbani, kwenye mpera wetu. Si ndiyo desturi?"

"Ilikuwa. Irudishe ulikoikata."

Kijana akacheka, akidhani anataniwa. "Sasa mtoto akikosea, mzee?"

"Mwalimu atakuita, uje mketi naye."

"Niache kazi nije kukaa shuleni?"

"Mimi hapa nimeacha yangu," Kangero alisema. "Fimbo ya shuleni hukatwa nyumbani, mwanangu. Usipoikata, haitakuwepo."

Wakati huo Herieli alikuwa anapita na wenzake kuingia darasani. Alimsikia mgeni upande wake wa kushoto, akageuza kichwa chote ili amwone, akamwamkia kwa heshima na kwenda zake. Yule kijana alimtazama mtoto, kisha akamtazama Kangero. Akamwacha binti yake pale mlangoni, akashuka bonde na fimbo yake. Tulimngoja. Mtoto alikaa kwenye kigoda cha Kangero, akining'iniza miguu.

Baba yake aliporudi alikuwa mikono mitupu. Akampa binti mmoja wa mikono ile wakaingia ndani wote wawili, na hakutoka mpaka saa sita.

Basi mmejua neno hili kwao ni wapi. Mkitaka kulisema neno hili mbele za watu, lisemeni, lakini msiliseme mkicheka, kwa maana lilinunuliwa kwa jicho la mtoto. Fimbo ya shuleni hukatwa nyumbani.